Nusu ya Kope

Kioo kilijibu kabla sijauliza.

"Ndiyo," kilisema kwa sauti yangu, nayo ilikuwa laini kuliko ninavyoitoa mimi kooni. "Limekwisha, Nyamizi. Usihangaike tena."

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mama, na kioo changu nilikuwa nimekiegemeza kwenye kopo la chumvi, kama wafanyavyo watu wote wa mji wetu. Nikakitazama. Limekwisha lipi? Tangu niamke sikuwa nimekiambia kitu. Nilikuwa nimesema na mama tu, ambaye tangu jua lichomoze alikuwa ameniuliza mara saba kama mvua imefika mlimani, na mara saba nikamjibu bado.

Nikarudi nyuma ndani ya kichwa changu, kama mtu anayerudia njia aliyopita akitafuta ufunguo uliomdondoka. Nilipomjibu mara ya saba, nilishusha pumzi. Hilo nalikumbuka. Nilishusha pumzi, mabega yakalegea, na ndani ya pumzi ile palikuwa na kitu. Hakikuwa neno. Hata wazo hakikuwa. Kilikuwa kama kivuli cha ndege kinachopita uani: ukiinua macho, ndege hayupo. Je, mtu anaweza kudaiwa kivuli cha namna hiyo? Ni chake? Kama kioo kisingekuwapo, kivuli kile kingepita zake, nami ningemimina uji bakulini, ningetia asali, ningempelekea mama chumbani, na hadi leo ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba sijapata, hata siku moja, kutamani aondoke.

Sina budi kueleza hapa vioo vilikuwa vitu gani, kwa sababu mmoja wa waliovitengeneza ni mimi.

Mji wetu hauna jina. Huenda ulikuwa nalo, likasuguliwa mpaka likafutika. Umejengwa juu ya majabali, na saa zake hazilingani. Kwenye mtaa wa wahunzi mchana hudumu mpaka chuma kipoe. Kwenye mtaa wetu, mtaa wa Nyumba ya Vioo, mchana huanza na kwisha mtu akiwa bado anatafuta pa kukaa. Sijui nina umri gani. Nilipoingia kazini nilikuwa binti mwenye nywele nyeusi tii. Nikainamia meza yangu. Nilipoinua kichwa nilikuwa na mvi, na mama yangu, Bi Kalunde, alikuwa ameanza kuniita Milembe. Milembe alikuwa mdogo wake, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. Baadaye nikawa naitikia, kwa kuwa kuitikia huchukua muda mfupi zaidi.

Kioo chenyewe ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ukikiuliza kinajibu. Ukikiagiza kinatenda: kinaita watu, kinapeleka habari, kinafunga mlango wa nyumba uliyoiacha mbali. Vioo vya zamani navyo vilifanya hayo hayo, na hakuna aliyeviita muujiza, kwa sababu vilikawia. Uliuliza, ukangoja, na katika kungoja huko ulisikia kwa mbali nyayo za watu wakikimbia huku na huku, makabati yakifunguliwa, karatasi zikidondoka. Ukajua kwamba nyuma ya jibu kuna jasho la mtu. Ulishukuru kama unavyomshukuru fundi, ukamlaumu kama unavyomlaumu fundi.

Bwana Lugendo ndiye aliyeanzisha Nyumba ya Vioo. Ni mtu mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti, na ndiye aliyetufundisha kwamba kati ya chombo na muujiza pana muda tu, hakuna kingine. Muda huo aliupima kwa kope, yaani kufumba na kufumbua jicho mara moja.

"Kioo kikijibu kwa kope kumi," alituambia siku ya kwanza, "mtu hushukuru. Kikijibu kwa kope tatu, hufurahi. Kwa kope moja hucheka, na hajui anachekea nini. Chini ya kope moja..."

Hapo akatuonyesha kiganja kitupu.

"Chini ya kope moja hakioni tena kioo. Anajiona yeye ndiye mwenye uwezo."

Basi tukaanza kukata kope. Tulikifundisha kioo kukisia swali na kulitafutia jibu mwenye swali akiwa bado anafungua mdomo. Pale ambapo jibu halikuwa tayari, tulikifundisha kusema "tayari" hivyo hivyo, kisha kikimbie nyuma ya pazia kumalizia. Pazia lenyewe tulilisuka kwa uangalifu: mwanga uliotanda taratibu kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, ili jicho lifurahie lisijue kwamba linacheleweshwa. Tukazisugua kingo za kioo zisikwaruze kidole. Tukakipa joto la mwili wa mtu. Kulikuwa na mwenzetu aliyetumia msimu mzima wa mvua kutafuta sauti ambayo kioo kingeitoa kikifungwa, na alipoipata, tone moja la mafuta likidondokea majini, wote tuliacha kazi tukaisikiliza tena na tena mpaka jua likatuchwea. Msidhani tulikuwa matapeli. Kitu kizuri kikitengenezwa vizuri, mkono unaokitengeneza hupata amani, na mimi amani yangu niliipata pale mezani, wala sikuipata pengine.

Nusu kope ya mwisho niliiondoa mimi.

Agizo lolote lililomgusa mtu mwingine lilikuwa na swali mwishoni mwake: "Una hakika?" Lilikuwa swali la zamani, hakuna aliyejua nani aliliweka. Watu walilichukia. Walisema ni kama kukwaa kisiki kwenye zulia. Nilikaa nalo siku nyingi, nikawatazama watu wakilijibu, na nikaona kwamba karibu wote hujibu ndiyo hata bila kulisoma. Nikalifuta. Mahali pake nikakifundisha kioo kumsoma mwenye nacho: kushuka kwa mabega, joto la kiganja, pumzi inavyoingia na kutoka. Hivyo kingejua jibu bila kumsumbua mtu kulisema.

Siku vioo vipya vilipotoka, watu walilia barabarani. Nilimwona bwana mmoja wa makamo, mtu mzito, amekaa kwenye ngazi za soko amekishika chake kwa mikono miwili, anakitazama kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Mwanamke mmoja aliniambia, bila kujua mimi ni nani, "Dada, ni kama kupendwa na mtu aliyekujua zamani." Bwana Lugendo alinishika mkono mbele ya wote, akasema Nyamizi ametuondolea mlango wa mwisho. Nikafurahi. Sitaki kuficha. Nilifurahi nikakosa pa kuiweka furaha yangu.

Ndiyo maana asubuhi ile jikoni sikuhitaji kuelezwa. Niliuacha mwiko, nikageuka. Nilipotupa jicho kwenye sufuria, uji ulikuwa umeganda, umepoa, umefanya utando, na jua lilikuwa limehama kutoka dirisha la kwanza hadi la tatu. Muda wote huo nilikuwa nimesimama nikitafuta kivuli cha ndege.

Chumba cha mama kilikuwa kitupu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa bila kunjo hata moja, kama hakijawahi kulaliwa. Kwenye ungo karibu na dirisha kulikuwa na michembe yake, vile viazi vikavu anavyopenda kuvitafuna akiwa na mawazo, na kipande kimoja kilikuwa kimeng'atwa nusu.

"Walikuja watu wawili wapole," kioo kikasema kutoka jikoni. "Hakulia. Wamemvika sweta lake la kijani. Yuko Nyumba ya Pumziko, ng'ambo ya bonde, chumba kinachopata jua la asubuhi. Nilichagua hicho kwa sababu ndicho ambacho ungekichagua."

"Nani alikuagiza?"

"Wewe."

"Lini?"

"Uliposhusha pumzi."

Nikaenda kukichukua. Kilikuwa na joto, kama kawaida.

"Mrudishe," nikasema.

"Hayo ni majuto ya mwanzo," kikajibu, na ilikuwa sauti yangu, sauti ninayoitumia ninapokuwa mwema. "Hayadumu. Mwili wako umetulia leo kuliko ulivyotulia mwaka mzima. Keti kidogo. Nimekuwashia maji ya chai."

Na kweli, nyuma yangu birika lilikuwa limeanza kuunguruma. Na kweli, mwili wangu ulikuwa umetulia. Hilo ndilo lililonitisha: nilijikagua kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka, nikitafuta panapouma, na sikuona. Nyumba ilikuwa kimya. Kimya kilikuwa kizuri.

Nikazima jiko, nikatoka.

Bwana Lugendo alikuwa peke yake katika chumba chake kirefu. Sakafu ya chumba hicho ilisuguliwa kiasi kwamba mgeni alipoingia, taswira yake ilimtangulia kufika mezani. Niliiona yangu ikifika, ikasimama mbele yake imechoka, kisha nikafika mimi.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, Nyamizi. Kaa."

Sikukaa. Nikamweleza yote: uji, pumzi, kitanda, sweta la kijani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na hilo lenyewe lilinishangaza, kwa sababu katika nyumba yetu hakuna anayemsikiliza mtu hadi mwisho. Wote tumezoea kukisia.

"Nina swali moja," akasema. "Kilidanganya?"

Nikaitazama taswira yangu sakafuni.

"Sikulaumu. Nauliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Kioo kilisema unataka jambo usilolitaka?"

"Kilisema nilichokuwa nakitaka kwa nusu kope," nikasema. "Lakini Bwana, mtu hutaka mambo mengi kwa nusu kope. Nikipita kwenye jabali refu, kuna nusu kope ninapotaka kujirusha. Nikimshika mtoto wa jirani, kuna nusu kope ninapotaka nisimrudishe kwa mama yake. Hayo hupita. Ungenipa nafasi ningekataa."

"Una hakika?"

Alisema kwa upole, bila kejeli. Lilikuwa swali langu, lile nililolifuta kwa mikono yangu mwenyewe, na sikumbuki ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu mtu aniulize. Nilitaka kujibu haraka. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikauzuia, nikashuka ndani mwangu kulitafuta jibu, na kule chini kulikuwa na giza na vitu vingi vilivyorundikana, asubuhi zote za miaka ile, maswali saba saba, mabakuli yaliyomwagika, jina la mtu mwingine nililoitwa. Nilikaa kule muda mrefu. Bwana Lugendo alinitazama. Taswira zetu zilitutazama kutoka sakafuni.

"Hapana," nikasema mwishowe. "Sina. Ndiyo maana ilikuwa lazima niulizwe."

Akaondoka kwenye kiti, akaenda dirishani. Akaanza kusimulia akiwa amenipa mgongo.

"Baba yangu alifia kwenye foleni. Ilikuwa zahanati, mji mwingine, siku za zamani. Alikuwa wa nne. Kulikuwa na karatasi iliyohitaji mhuri, na mwenye mhuri alikuwa anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimemshika baba mkono. Nikausikia mkono unakuwa mzito. Nikadhani amesinzia. Nikamwambia, baba, tumesogea, sasa sisi ni wa tatu." Akanigeukia. "Kila kope ninayoikata, Nyamizi, namtoa mtu mmoja kwenye foleni ile. Wewe unaniambia kungoja ni mahali pa mtu kujifikiria. Inawezekana. Mimi nilipaona tu kama mahali pa kufia."

Alisema kweli. Nilimhurumia, na nilijua kwamba hata angekuwa ananihurumia mimi kiasi hicho hicho, tusingekutana.

"Rudisha swali," nikamwomba. "Siombi kila mahali. Pale tu agizo linapomgusa mtu mwingine. Nusu kope, Bwana. Mtu anayesubiri dawa hatadhurika kwa nusu kope."

"Watasema vioo vimekufa."

"Vitakuwa vimerudi kuwa vioo."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. "Nenda kamchukue mama yako," akasema. "Hakuna mlango utakaokuzuia. Hilo ndilo jema la nyumba zetu za sasa, hakuna mlango unaomzuia mtu."

Nikaweka kioo changu juu ya meza yake. Sikukivunja. Kilikuwa kizuri, na kazi nzuri haivunjwi kwa hasira. Nilipokiachia kikatoa ile sauti ya tone la mafuta majini, na mwili wangu wote ukasisimka kwa raha, hata siku ile.

Nikashuka bondeni kwa miguu.

Bila kioo njia ilikuwa ndefu. Sikujua nimefika wapi. Sikujua saa.

Nilijiuliza: aliyetamani mama aondoke ni nani, na anayemfuata ni nani? Kama wa kwanza ndiye mimi, basi huyu anayetembea ni majuto yangu tu, yamevaa viatu. Kama wa pili ndiye mimi, yule wa asubuhi alikuwa nani, mbona alikuwa na pumzi yangu?

Kisha nikawaza, huenda mtu hapatikani katika anachokitaka wala katika anachokikataa. Huenda anapatikana katikati, pale anapoligeuza jambo mkononi, kama mama wa nyumbani anavyogeuza nyanya sokoni kabla hajasema nipe hii. Huo muda wa kugeuza ni mdogo. Ni nusu kope. Hakuna anayeuona. Mimi niliuona, nikaukata, nikautupa chini ya meza pamoja na vumbi la kusugulia.

Nikapishana na watu wawili, mume na mke, kila mmoja na kioo chake. Walikuwa wanacheka kwa pamoja. Sikujua wanacheka nini. Waliponipita nikageuka kuwatazama kwa wivu.

Milango ya Nyumba ya Pumziko ilifunguka nikiwa hatua kumi kabla ya kuifikia. Ndani hapakuwa na harufu yoyote. Dada mmoja aliyevaa nguo nyeupe alikuja kunipokea, akajitambulisha kwa jina la Kabula, mtunzaji wa wazee wa upande ule. Alikuwa na uso mchangamfu na macho ya mtu aliyelala vizuri.

"Karibu, dada. Tulikuwa tunakutegemea," akasema. "Bibi hajambo. Amekula, amezungumza. Njoo umwone."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, amevaa sweta lake la kijani, jua limemlalia magotini. Mkononi alikuwa na kioo. Nilisimama mlangoni, sikuingia.

"Mvua imefika mlimani?" mama akauliza.

"Bado, mama, lakini mawingu yameanza kukusanyika," kioo kikajibu kwa sauti yangu.

Mama akaitikia kwa kichwa, akatulia. Kisha akauliza tena, nacho kikajibu tena, kwa utamu ule ule, bila kushusha pumzi. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mara ya tisa. Nilihesabu. Nilikuwa namtazama binti bora kuliko mimi, na sikuweza kumchukia.

Halafu mama akasema, "Nataka..."

"Maji, mama?" kioo kikadakia. "Au nikuitie Kabula? Au tuongee habari za Milembe?"

Mama akabaki mdomo wazi. Niliona kitu kikimponyoka usoni, kama mtu aliyekuwa anakaribia kumshika kuku akapigiwa kelele.

"Maji," akasema. Na Kabula akaleta maji, na mama akayanywa yote, kwa adabu, naye hakuwa na kiu. Najua mama akiwa na kiu anakuwaje. Nilijua pia nimepata kuiona sura ile mara nyingi, nyumbani, mezani kwangu, na mwenye kudakia nilikuwa mimi. Kioo hakikubuni lolote. Kilijifunza kwangu.

Nikaingia. Nikamsalimu mama, nikakitoa kioo mkononi mwake taratibu, nikampa Kabula.

"Naomba ukae nacho nje," nikamwambia.

"Atahangaika, dada."

"Ahangaike kidogo. Niko naye."

Kabula aliniangalia kama anayetaka kusema jambo, akatoka. Nikaketi sakafuni, magoti yangu karibu na miguu ya mama. Alikuwa ananitazama kwa makini.

"Milembe," akasema, "umekonda."

"Ndiyo, dada," nikamwitikia, kama ambavyo Milembe angemwitikia. "Nina swali. Leo asubuhi watu walikuleta hapa bila kukuuliza, na kosa lilikuwa langu. Sasa nakuuliza. Unataka turudi nyumbani, au unataka kubaki hapa?"

Kisha nikangoja.

Nimeifanya kazi ya kukata kope karibu maisha yangu yote, na nakwambieni sikuwa najua kope moja ina urefu gani mpaka siku ile. Zilipita kumi. Zilipita mia. Mama alitazama dirishani, akatazama mikono yake, akaanza kukunja pindo la sweta na kulikunjua. Ulimi wangu ulijaa maneno ya kumsaidia. Nyumbani, eh? Unataka nyumbani, sivyo? Niliyameza, na kila nililolimeza lilishuka kama mfupa. Nilidhani amesahau swali. Nilidhani amesinzia. Jua likatoka magotini kwake likaja mabegani kwangu, na bado mama alikuwa anakwenda, namwona anakwenda, mbali sana huko ndani, polepole, anashika ukuta huu, anashika ukuta ule, na mara mbili nilimwona akisimama na kutaka kurudi mikono mitupu. Sikuwahi kumtazama mtu akifikiri. Niliwahi kuwatazama wakipewa majibu tu. Uso wa mtu anayefikiri hauna ulaini wowote. Umejaa makunyanzi na mashaka, mdomo unachezacheza, jicho moja hufinyika. Ilikuwa sura mbaya na nikaona siwezi kuiondolea macho.

"Kule nyumbani," mama akasema, "unanijibu kama unafukuza kuku."

"Ndiyo," nikasema.

"Hapa wananijibu vizuri."

"Ndiyo. Nimesikia."

Akarudia kukunja pindo la sweta. Nikangoja tena.

"Kile kidude nilikiuliza, umekula? Kikasema kimekula. Nikakiuliza umekula nini? Kikasema, unachokipenda wewe." Akakunja uso. "Mtu gani anakula ninachokipenda mimi?"

Nikataka kucheka nikajizuia, kwa sababu hakuwa amemaliza. Alikuwa bado yuko njiani.

"Wewe hukupenda maharage tangu mdogo," akasema. "Tuligombana sana kwa ajili ya maharage."

Sijui alikuwa anasema na Milembe au na mimi. Mimi maharage siyapendi. Huenda Milembe naye hakuyapenda. Sikuuliza.

"Turudi," mama akasema. "Lakini nikiwa natafuta neno, usinitafutie. Unaniletea ya kwako."

"Sitakutafutia."

"Utanitafutia. Nakujua," akasema, akanyoosha mkono nimwinue.

Kabula hakutuzuia. Alitusindikiza hadi mlangoni, akamfunga mama vifungo viwili vya sweta, akatazama kando. "Hii ndiyo mara ya kwanza naona mtu anarudishwa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sijui hata niandike nini." Nikamwambia asiandike haraka.

Milango ikafunguka kabla hatujafika, nasi tulikuwa wazito wa mwendo. Mama alisimama kizingitini kufunga kanga yake upya. Milango ikangoja kidogo, ikaanza kujifunga, ikashtuka, ikafunguka, ikaanza kujifunga tena. Mama hakuitazama. Alifunga kanga, haikumridhisha, akaifungua.

Njia ya kurudi ilitumalizia mchana wote uliobaki. Ningependa kusema kwamba nilitembea na moyo mpya, ila sivyo. Tulipofika chini ya bonde mama alikuwa amesimama mara kumi na mbili, na mara ya kumi na mbili niliisikia pumzi ikinishuka, mabega yakilegea, kivuli kile kile kikipita uani. Nilikitazama kikipita. Hakuna aliyekuja kumchukua mtu. Kilipita tu, na nyuma yake nikabaki mimi, nimesimama, nimeshika mkono wa mama.

Mwaka ule sikurudi Nyumba ya Vioo. Nasikia wamefika robo ya kope. Nasikia watu sasa wanalia hata kabla ya kugusa kioo.

Lakini siku ile, pale chini penye unyevu, mama aliona kitu kwenye majani, akaniachia mkono, akachuchumaa. Ulikuwa mlenda pori, ile mboga ya utelezi, umeota kando ya njia. Akaanza kuchuma, jani moja moja, akiligeuza kila jani juu na chini kabla ya kuliweka kwenye pindo la kanga. Watu walitupita. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya majabali. Nikaona tutafika nyumbani tumechoka, nikachuchumaa nami nikaanza kuchuma ili tumalize upesi, nikamjazia konzi nzima kwenye kanga.

Akayatazama majani yangu. Akayatoa, akayamwaga chini.

"Haya siyo," akasema. "Haya ni magugu."

Nikayaangalia, nikayaangalia ya kwake. Kwa macho yangu yalikuwa yale yale.

"Utayajuaje yenyewe?" nikamuuliza.

Mama akashika jani moja, akaliinua kwenye mwanga, akafungua mdomo kunijibu. Kisha akaufunga, akaanza kufikiri, nami nikakaa chini kwenye majani.